Mto Haupimwi Kiangazi

Mto haupimwi kiangazi. Nimewaambia hivyo mkacheka, mkadhani bibi kizee amepigwa na jua anasema ovyo. Kisha huyu Yoeli akaweka chini ndoo ya chokaa akaniuliza, "Bibi, mto umeingiaje hapa? Sisi tunapaka mawe." Ni swali zuri. Mwenyekiti wenu Kokugonza amewatuma mpambe shule kwa sababu kesho wanakuja wageni wa bajeti, nami nimewakuta mnabeba viti vya kanisa mkaviweke darasa la tatu, ambako watoto wanakaa chini mwaka mzima. Basi shusheni hivyo viti, mvikalie. Asili ya msemo huu naijua kuliko mtu yeyote wa Chikombe, maana nilikuwepo ulipozaliwa, na siku hiyohiyo mimi mwenyewe nilikuwa nazaa.

Mambo yalianza namna hii.

Wakati huo hapakuwa na daraja. Nyinyi mnaliona limesimama pale na nguzo zake nne, mnadhani Mungu aliliumba pamoja na mto. Wapi! Mto wetu huu Mhembe mnaijua tabia yake. Miezi minane ni mchanga mtupu. Mbuzi wanalala humo, na sisi kina mama tunachimba visima humo tuteke maji ya kupikia. Miezi minne inayobaki haujui mkubwa wala mdogo. Maji yake hayaanzii kwetu. Mvua ikinyesha kule milimani, yanatufikia hapa mchana kweupe huku jua linawaka na nguo zako ziko kwenye kamba. Zahanati ilikuwa ng'ambo, soko lilikuwa ng'ambo, na shule nayo ilikuwa ng'ambo. Kila masika watu wa Chikombe tulikuwa wafungwa wasio na kesi.

Mwaka huo, mwezi wa nane, tukapata habari kwamba halmashauri inamtuma afisa mipango apite vijijini, aangalie kijiji gani kina shida gani, ili bajeti ikipangwa kila kimoja kipate haki yake. Mwenyekiti wa wakati ule alikuwa Mzee Chilewa, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mpole, msafi wa maneno, asiyeweza kumwambia mtu habari mbaya hata kama nyumba inaungua. Akaitisha mkutano.

"Jamani," akasema, "mgeni huyu akiondoka hapa ameridhika, daraja tumepata."

Sote tukaitikia. Mimi nilikuwa na sababu kuliko wengine. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na kabla ya hiyo nilikuwa nimepoteza mbili. Ile ya pili niliipotezea pale ukingoni, nimelala kwenye kitanda cha kamba, tukisubiri maji yapungue. Nikahesabu kwa vidole nikaona hii itafika mwezi wa pili, katikati ya masika. Tena nilikuwa mshamba wa mambo ya serikali. Nilidhani daraja hujengwa kama banda la kuku, ukiomba leo, mwezi wa pili unavuka. Nikaapa kwamba huyo mgeni atapokelewa mpaka asahau kwao.

Basi tukafanya kama mnavyofanya leo. Kwetu mgeni akija, hufagiliwa hata nyuma ya mlango. Wanaume wakafukia mashimo ya barabara. Ule ukingo mkali wa mto, ambao mikokoteni ilikuwa inapinduka, wakauchimba mpaka ukawa mteremko laini. Mawe yakapakwa chokaa, yakapangwa mistari miwili kukatiza mtoni mpaka ng'ambo. Nami nilikuwa jemadari wa mafagio. Visima vyetu vya mchangani nilivifukia kwa mikono yangu, nikasawazisha, nikachora kwa fagio ile michoro ya mawimbi kama ya uani. Tuliufagia mto, wajukuu zangu. Mto!

Siku ikafika. Gari la halmashauri likapita mle bila kutikisika hata kikombe. Akashuka Bwana Kyaruzi, afisa mipango, kijana wa Kihaya, mfupi, mnene kidogo, mwenye uso wa kucheka. Sisi tulimwita Bwana Mipango. Kipaza sauti tulichokiazima kikagoma, lakini yeye hakukihitaji. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya huko mjini, na alipofungua mdomo kusema "Hamjambo wananchi!" kuku walikimbilia mvunguni.

Mzee Chilewa akasoma risala. Ilikuwa na kurasa tatu. Ya kwanza ilikuwa shukrani, ya pili ilikuwa shukrani, na ya tatu ilieleza jinsi wananchi wa Chikombe walivyo na amani, umoja na mshikamano. Mwishoni kabisa, sauti ikiwa imeshapungua, akasoma, "Pamoja na mafanikio hayo, mheshimiwa mgeni, tunazo changamoto ndogondogo, kama vile mto." Tukapiga makofi.

"Mto?" akauliza Bwana Mipango. "Ni huu niliovuka sasa hivi?"

"Ndio huo, mheshimiwa."

"Unawasumbua sana?"

Hapo sasa. Mlango wa daraja ulikuwa wazi, tulitakiwa kuingia tu. Lakini desturi yetu mnaijua: mgeni hajala, huwezi kuanza kumlilia shida zako. Utaonekana umemwita ili umpe mzigo. Mzee Chilewa akatazama chini, akatazama kuku waliokuwa wanachemka, akasema kwa adabu zake zote, "Si sana, mheshimiwa. Tumeshauzoea."

Bwana Mipango hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mvivu. Alishuka mwenyewe mtoni, akatoa futi kamba, akapima huku na huku, akaandika kwenye faili. Halafu akatusomea kwa ile sauti yake ili tuhakikishe hajakosea. "Upana, mita ishirini na mbili. Maji, hakuna. Njia ya kuvukia ni nzuri na imetunzwa. Wananchi wanasema changamoto ni ndogo."

Mnajua tulifanya nini? Tulipiga makofi. Mimi nilipiga na vigelegele. Kisha akala kuku wangu na ugali wa uwele na mlenda, akaomba kuongezwa mlenda, tukasema huyu ni mtu wetu, daraja limeshapatikana.

Mwezi wa kumi na mbili majibu yakaja. Katika orodha ya vipaumbele daraja la Chikombe lilikuwa namba arobaini na moja. Nyumbani kwetu hatukujua kama kuna namba kubwa hivyo kwenye bajeti. Namba moja ilikuwa ukarabati wa ukumbi wa mikutano wa halmashauri, pamoja na mapazia mapya na viti vya kuzunguka. Ila barua haikuwa ya huzuni tupu. Ilisema pia kwamba Chikombe kimekuwa kijiji cha kwanza kwa usafi wilaya nzima, na kwamba tutaletewa hati ya pongezi iliyowekwa kwenye fremu.

Mzee Chilewa alifurahi, masikini. Mimi nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Sikuwalilia watu wa mjini. Nililia kwa sababu nilikumbuka lile fagio na ile michoro yangu ya mawimbi. Nilikuwa nimeifunga njia yangu mwenyewe kwa mikono yangu, tena nikipiga vigelegele.

Basi mwezi wa pili, siku ya Jumanne, Bwana Mipango akaja na hati yake. Milimani kulikuwa na mawingu, lakini kwetu jua lilikuwa linawaka na mto ulikuwa mkavu. Dereva akamvusha, akamshusha mbele ya ofisi, kisha akageuza gari akarudi ng'ambo kutafuta mkaa. Madereva wa serikali mnawajua. Hawawezi kurudi mjini bila gunia la mkaa. Tusimseme vibaya lakini, maana mkaa ule ulituokoa.

Sherehe ilikuwa fupi. Bwana Mipango alikuwa na haraka kwa sababu kesho yake kilikuwa kikao cha madiwani cha kupitisha bajeti, na yeye ndiye aliyetakiwa kuisoma. Akatoa hati, tukapiga makofi, akapewa mlenda. Alikuwa bado ananawa mikono tuliposikia ule mngurumo unaotoka juu ya mto.

"Hilo lori?" akauliza.

"Hapana," akasema Mzee Chilewa. "Hiyo ndiyo ile changamoto ndogondogo."

Tulikwenda ukingoni wote. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba mti mzima na mizizi yake na banda la mtu, na yale mawe yetu meupe yalikuwa yameshakwenda zake. Bwana Mipango akasimama pale na viatu vyake vilivyong'arishwa. Akauliza, "Yatapungua baada ya nusu saa?"

"Nusu saa hapana," akajibu Mzee Chilewa, "lakini nusu mwezi, Mungu akipenda."

Hapohapo, kwenye kundi la watu, uchungu ukanishika. Mume wangu Mbeleje hakuuliza mara mbili. Walileta kile kitanda cha kamba, wanaume wanne wakanibeba mpaka pale wanapovukia watu, mahali palepale pa mwaka ule mwingine. Nilipouona mti wa pale ukingoni, ule niliolala chini yake siku ile ya kupoteza mimba, nilifumba macho. Niliogopa, wajukuu zangu. Sijawahi kuogopa vile kabla wala baada.

Bwana Mipango alikuwa kasimama karibu na kitanda changu, faili mkononi, anapekua karatasi kama mtu aliyepoteza nauli. Akawa anasema peke yake, ila kwa sauti ile kila mtu alisikia. "Lakini niliandika maji hakuna. Mita ishirini na mbili, maji hakuna. Nilipima mwenyewe! Nina hakika nilipima vizuri!"

Sijui mnaelewa, uchungu wa kuzaa hauna adabu. Yale mambo ya mgeni hajala yalikuwa yameshaisha kichwani mwangu. Nikamshika suruali nikapiga kelele, "Mto haupimwi kiangazi, wewe baba!"

Hapo kijijini hakuna mwanamke aliyewahi kumfokea mtu wa serikali, tena akiwa amemshika suruali. Kisha mama mkwe wangu, Bibi Nhonya, akaanza kucheka, na wengine wakafuata, na hata mimi nikacheka mpaka uchungu uliofuata ukanikata. Bwana Mipango hakucheka. Alinitazama, akautazama mto, akafunga faili.

Kisha akageukia ng'ambo, ambako dereva alikuwa amesimama kando ya gunia lake la mkaa. Akavuta pumzi, akaita, "Derevaaa! Kamlete nesi!" Sisi sote tungepiga kelele mpaka jioni tusingesikika juu ya mngurumo ule. Besi yake ilivuka.

Gari likaenda na kurudi na Nesi Tumwitike, mkoba mkononi. Akasimama upande ule, sisi upande huu, maji katikati. Sauti yake nyembamba ilitufikia vipandevipande tu, lakini Bwana Mipango alikuwa na masikio ya mwanakwaya. Wanawake wakanizungushia kanga zao wakazishika kama mapazia. Wanaume wakageuka wakatupa mgongo, kama desturi inavyotaka. Bwana Mipango naye akatupa mgongo, akautazama mto, akawa mdomo wa nesi na mdomo wa Bibi Nhonya.

"Nesi anasema alalie ubavu wa kushoto!"

Nikalalia.

"Nesi anasema asisukume bado! Nesi anauliza, ah, samahani mama, nesi anauliza kama kichwa kimeonekana!"

"Mwambie kimeonekana!" akasema Bibi Nhonya.

"Kimeonekanaaa!" akanguruma, na watu wa vijiji viwili wakajua kichwa cha mwanangu kimeonekana.

Joto lilikuwa kali. Mzee Chilewa, naye akiwa ametupa mgongo, akapitisha ile hati ya pongezi juu ya kanga ili nipepewe. Ndiyo kazi pekee ya maana ambayo hati ile imewahi kufanya.

Mtoto akatoka, lakini hakulia. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni na alikuwa wa rangi ya majivu. Bibi Nhonya ndiye aliyempokea na yule wa kwanza niliyempoteza. Mto tu ndio ulionguruma. Nikasema moyoni, na huyu tena.

"Mwambie nesi halii!" akasema Bibi Nhonya. "Kitovu kiko shingoni!"

Bwana Mipango akaita. Jibu likaja vipandevipande, akalidaka neno kwa neno, akalirusha kwetu. "Kipitishe kichwani kwa kidole! Taratibu! Sasa mfute mdomo na pua! Msugue mgongo kwa kanga kavu! Msugue! Usiache!" Na alipoona bado kimya akasahau nesi kabisa, akaanza kusema ya kwake: "Lia, mtoto! Lia, nakuomba! Lia!"

Akalia. Alilia kwa sauti kubwa nusura impite aliyemwita. Bwana Mipango akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya ofisi, akalia pamoja naye. Mbeleje akamuuliza mama yake anaitwa nani. Akasema anaitwa Kokugonza. Ndiyo maana mwenyekiti wenu, Mgogo wa baba na mama, ana jina la Kihaya ambalo nusu yenu hamwezi kuliandika.

Bwana Mipango alikaa kwetu siku nne. Alilala kwa Mzee Chilewa, akachota maji, akaona kina mama wanavyokunywa maji ya matope visima vikishafukiwa na mafuriko, akaona watoto wa shule wanavyokaa nyumbani. Kila asubuhi na jioni alishuka na futi kamba yake akapima upya. Maji yalipopungua akavuka kwa kushikwa mikono na wanaume sita, akaenda zake akijua kikao cha bajeti kimeshapita na kazi yake imeota mbawa.

Kumbe kikao hakikufanyika! Akidi haikutimia. Madiwani watano nao walikuwa wamekwama kila mmoja nyuma ya mto wake. Walipokutana wiki iliyofuata, alitusimulia baadaye, alisimama na matope yaleyale kwenye viatu, akafungua faili ile ya mwezi wa nane, akasoma, "Chikombe. Maji, hakuna." Akageuza ukurasa akasoma ya mwezi wa pili. Kisha akawaambia, "Waheshimiwa, nilikwenda kuuliza watu shida zao wakati shida zao zimesafiri. Mama mmoja amenifundisha kazi yangu akiwa na uchungu wa kuzaa. Amesema mto haupimwi kiangazi."

Wale madiwani watano waligonga meza. Mmoja akasema hata mto wa kwake ulipimwa mwezi wa tisa. Mwingine akasema na kisima chake kilipimwa wakati wa mvua, kikaonekana kimejaa. Mapazia na viti vya kuzunguka vikashushwa, madaraja yakapandishwa. Serikali haikimbii, letu lilichukua miaka miwili. Lakini Kokugonza alikwenda darasa la kwanza akilipita kwa miguu yake, masika, akirusha mawe majini.

Msemo nao ukasafiri. Sasa binti akichumbiwa na kijana anayetabasamu tu, shangazi zake humwambia mto haupimwi kiangazi, subiri umwone akikasirika. Hayo ni sawa. Lakini msisahau ulianza kwa watu waliouficha mto wao kwa fagio ili kumfurahisha mgeni.

Haya, mmepumzika vya kutosha. Yoeli, hiyo chokaa peleka ukapake nyumba ya mama yako. Nanyi wengine chukueni viti hivi mvirudishe kanisani, kila kimoja mahali pake, na ile kalenda mliyobandika darasa la tatu kufunika ufa, ibandueni. Kesho wageni wakija wapeni kuku, wapeni mlenda, waimbieni. Kisha waingizeni darasani watoto wakiwa wamekaa chini, na wageni nao wakae chini humohumo wakati risala inasomwa. Na kwenye risala nisisikie neno ndogondogo.

Mwenyekiti akiwauliza nani kawatuma kurudisha viti, mwambieni ni mama yake. Akibisha, mwambieni aje aniulize alizaliwa wapi, na kwa nini pale ukingoni. Nitamwambia kama nilivyowaambia nyinyi: mto haupimwi kiangazi.